Majoho ya Chai

Mayaka alianza kumchukia mpiga filamu siku ile ile alipomwona akimtazama mkewe kupitia kioo cheusi.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tano, pale Homa Bay. Mayaka alikuwa fundi wa nguo, Mkisii aliyehamia pale na cherehani moja, na kwa miaka tisa alikuwa amejenga jina. Alikuwa pia shemasi wa Wasabato. Majoho kumi na sita ya kwaya, meupe, yenye marinda sita mgongoni, aliyashona yeye, na kanisa likampa yeye kuyatunza kwa sababu kanisani kulikuwa na panya. Aliyaweka kwenye sanduku la bati na ufunguo akauvaa shingoni. Hata akioga hakuuvua.

Mpiga filamu aliitwa James Opiyo, Mjaluo wa Ndhiwa, Mkatoliki. Watu wa habari wa Nairobi walikuwa wamemtuma apige filamu ya kwaya za wilaya. Alikuwa mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu anayetazama jua kila siku, na shingoni alining'iniza kipande cha kioo cheusi chenye fremu ya shaba. Alikuja kwenye mazoezi, akawapanga waimbaji, akawapitia mmoja mmoja akiwa ameweka kile kioo jichoni. Alipofika kwa Nyangi, mke wa Mayaka, alisimama. Akamtazama kwa kioo, akakitoa, akamtazama bila kioo, akakirudisha.

"Huyu ndiye anayeanzisha wimbo?" akauliza.

"Huyu ni mke wangu," Mayaka akasema kutoka mlangoni.

"Sikuuliza ni mke wa nani, fundi. Nauliza kama ndiye anayeanzisha."

Waimbaji wakacheka. Filister, kiongozi wa kwaya, mjane mnene asiyemwogopa mtu, alicheka mpaka akajipangusa macho. Mayaka hakucheka.

"Anaanzisha yeye," Filister akasema. "Na usipomsikia wewe basi hata lori hulisikii."

"Vizuri. Sasa, haya majoho ni meupe mno. Yatanisumbua. Itabidi myachovye kwenye chai."

Kicheko kikakatika.

Wasabato wa pale hawakunywa chai. Nyumbani kwa Mayaka majani ya chai hayakuwahi kuvuka kizingiti, hata mgonjwa akiyaomba. Mgeni alipewa uji, au maji ya moto yaliyotiwa maziwa. Na sasa Mkatoliki mwenye kioo anawaambia wayatie majoho ya Bwana ndani ya chai.

"Kwa nini?" Mayaka akauliza.

James akakaa kwenye benchi. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na kutukanwa mara nyingi. Filamu yake, alisema, haijui nyekundu wala kijani. Inajua mwanga tu. Kati ya cheusi kabisa na cheupe kabisa kuna vidato vingi, kama vya ngazi, na kazi yake yote ni kuhakikisha kila kitu kinapata kidato chake: jiwe hapa, maji pale, ngozi ya mtu pale katikati ambapo ndipo utamu wote ulipo.

"Nguo nyeupe juani inaruka vidato vyote," akasema. "Nikilifunga jicho la kamera ili niitulize nguo, sura zenu zinakuwa mashimo. Hakuna pua, hakuna macho. Nikilifungua nizione sura, nguo inawaka moto, na moto huo unapanda shingoni unamla mtu uso. Wazungu walionifundisha hawakujali. Walitupiga picha kama mtu anayepiga masufuria yaliyochakaa kwa masizi. Mimi nataka muonekane. Chai inaipa nguo rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na kwenye filamu rangi hiyo inatoka nyeupe. Nyeupe iliyotulia."

"Yaani niichafue nguo ili itoke nyeupe."

"Ndiyo."

"Na nikiiacha nyeupe?"

"Itatoka moto."

Mayaka alimtazama yule mtu akawaza: huyu anatuona wajinga.

Alikuwa na sababu. Mbele ya duka lake, upande wa pili wa barabara, kulikuwa na fundi mwingine, Cephas, Mkatoliki, naye wa Ndhiwa. Jioni iliyopita Mayaka alikuwa amemwona James amekaa kwenye veranda ya Cephas, kikombe mkononi, wanacheka. Wanacheka nini? Majoho yakiharibika, nani atashona mengine? Hilo lilikuwa moja. La pili alilijua yeye mwenyewe, na lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: jinsi kile kioo kilivyorudi usoni pa Nyangi.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba atakataa.

Nyangi aliweka chini sufuria. "Usikatae," akasema. "Hiyo filamu itaonyeshwa Migori siku ya mnada. Baba hakosi mnada."

Hilo halikuwa jambo dogo. Nyangi alikuwa Mkuria, binti wa mzee Nyamhanga wa karibu na Kehancha. Walipooana, Mayaka alisimama imara kwamba ni harusi ya kanisani na hakuna pombe. Wazee wa Nyamhanga walisafiri tangu alfajiri, wakapewa soda na mkate, wakarudi kwao makoo yamekauka, na Nyamhanga akachekwa na ukoo mzima. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga Homa Bay. Barua za Nyangi alisomewa na mtu mwingine, wala hakuzijibu. Miaka tisa.

"Atakaa pale ukumbini," Nyangi akasema, "na mimi nitakuwa mbele yake. Hawezi kuinuka watu wote wakimtazama. Atauona uso wangu apende asipende. Mimi sitaki kingine."

Kwa hiyo Mayaka akakubali, kwa mdomo.

Kanisani palikuwa na kikao. Wengine walisema sinema ni ya dunia, pasta akasema kwaya si sinema. Wengine wakasema chai ni chai. Hapo Filister akasimama. "Tumekatazwa kuinywa," akasema. "Nionyesheni palipoandikwa tusiivae." Hakuna aliyeonyesha. Pasta akaruhusu, mradi majoho yafuliwe kabla ya Sabato.

Majani aliyanunua Filister, kwa kuwa Mayaka hakutaka kuonekana. Muuza duka alimwona akibeba pakiti nne akamwuliza, "Mama, umerudi nyuma?" Filister akamwambia, "Nimerudi, na nimerudi na kiu." Wakachemsha nyuma ya duka la Mayaka katika madebe mawili. Harufu ilijaa uani, na Mayaka alijisikia kama mtu aliyekutwa na gongo.

James alikuja kusimamia. Alichovya kitambaa kidogo, akakianika kwenye kiganja, akakitazama kwa kioo chake, akakirudisha tena. Alikuwa na subira ya ajabu kwa kitu kidogo kile. "Sasa!" akapiga kelele ghafla. "Toeni! Yakikaa zaidi yatakuwa rangi ya mavi ya mbuzi!" Yakatolewa, yakaanikwa. Kisha akaondoka kwenda kutafuta mahali pa kupigia.

Kwenye kamba yalikuwa majoho kumi na tano.

La kumi na sita, la Nyangi, lilikuwa bado sandukuni. Mayaka alijiambia kwamba hii ni kujilinda: kama ni hila, kutabaki joho moja la kulionyesha kanisa. Kisha akajiambia sababu nyingine, tamu zaidi. Kila fundi anajua nyeupe huonekana mbali. Kama hakuna hila, basi wote watafifia na mke wake atang'aa, na baba yake atamwona hata akikaa benchi ya mwisho. Sababu ya tatu hakujiambia. Hakutaka chai ya yule mtu iguse ngozi ya Nyangi.

Jumapili, saa kumi alasiri, walikusanyika kwenye mawe chini ya kilima cha Asego. Watu walidhani James atawapiga ziwa likiwa nyuma yao, kama picha za kalenda. Akakataa. Maji yale, alisema, yanamemeta kama bati na yatawashinda. Aliwaweka mbele ya mawe meusi, jua likiwapiga ubavuni. Akawapa mafuta wajipake usoni, kidogo, kwenye paji na mfupa wa shavu. Mafundi wawili wa kanisa wakashika shuka iliyowambwa kwenye fremu ya mbao, akawapanga mpaka mwanga wa jua ukagonga shuka na kurudi kwenye upande wa nyuso uliokuwa kivulini. Mayaka aliona macho ya waimbaji yakifunguka kana kwamba mtu amewasha taa ndani yao. Aliona, na akajilazimisha asione.

Ndipo Nyangi akatoka nyuma ya jiwe akiwa amevaa.

James akashusha kioo. "Hilo vipi?"

"Limechovywa kama mengine," Mayaka akasema. "Kitambaa ni cha jora lingine, hakikushika." Alikuwa amemwambia Nyangi vivyo hivyo asubuhi, na Nyangi alimwamini, maana fundi wa nguo ni yeye.

James akalishika pindo la joho, akalinusa. Halikunuka chai.

"Fundi, hili litamla uso."

"Piga."

"Nikilifunga jicho kwa ajili yake, hawa kumi na tano wanapotea. Nikiliacha, yeye anapotea. Anasimama mbele, ndiye mkubwa kuliko wote kwenye picha. Basi nifanye hivi: nipige kwaya, kisha nimsogelee yeye peke yake. Hatua nne. Nichukue uso tu, joho libaki nje ya picha. Dakika mbili."

"Hakuna kumsogelea mke wa mtu."

"Nina kamera, bwana, sina mahari."

Mtu akacheka nyuma. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. "Nimesema hapana," Mayaka akasema, na sauti yake ikagonga mawe.

"Baba watoto," Nyangi akasema polepole, "kama ni dakika mbili tu..."

"Hapana."

James akatazama jua. Lilikuwa limebaki upana wa viganja viwili juu ya vilima. Akamtazama Nyangi kama mtu anayetaka kuomba radhi, akarudi nyuma ya kamera, akainama. "Imbeni," akasema.

Majoho yalifuliwa Jumatatu. Sabuni moja na jua la siku mbili, yote yakarudi meupe, hata mshononi. Mayaka aliyakagua moja moja akitafuta doa, akakasirika kidogo kwa kutolipata. Kisha akasikia kwamba siku ile kwa Cephas, James alikuwa amekaa na taulo kiunoni huku suruali yake moja ya heshima ikitiwa kiraka. Hayo tu ndiyo waliyokuwa wakicheka. Mayaka aliyasikia, akayaweka kando. Mtu aliyeshuku kwa muda mrefu hapendi kuambiwa mambo madogo kama hayo.

Wiki tano baadaye filamu ikaletwa Migori. Nyangi hakutaka kwenda. "Akiinuka akatoka, nisimwone," akamwambia mumewe. "Nenda wewe. Usitazame filamu, mtazame baba. Uje uniambie uso wake ulivyokuwa aliponiona."

Mayaka akapanda lori.

Ilionyeshwa saa nane mchana katika ukumbi wa ushirika, madirisha yamezibwa kwa magunia na mablanketi. Ndani kulinuka mahindi na jasho. Mzee Nyamhanga alikuja moja kwa moja kutoka mnadani, koti la jeshi mwilini, fimbo mkononi, akakaa benchi ya katikati. Mayaka, kwa adabu ya mkwe, alikaa benchi mbili nyuma, upande, mahali ambapo angeuona uso wa mzee kwa mwanga wa pazia la sinema.

Kwaya za Sindo na Ndhiwa zikapita. Kisha yakaja mawe ya Asego, na Mayaka akasahau alichotumwa.

Alikuwa ameyapita mawe yale kila siku kwa miaka tisa. Sasa yalikuwa kama ngozi ya tembo, kila ufa una kivuli chake. Mbele yake majoho yalining'inia laini, meupe kama maziwa ya asubuhi, na marinda yake yote sita yalihesabika, kazi ya mikono yake, kila mkunjo umetiwa wino. Na juu ya majoho zilikuwa nyuso. Mweusi wa maji ya kunde hakufanana na mweusi wa mkaa. Mafuta yalichora mstari mwembamba wa mwanga kwenye pua ya Filister. Jasho lilionekana juu ya mdomo wake, na pengo la jino, na kitu machoni mwake ambacho Mayaka hakuwahi kukiona: huzuni ya mjane, aliyoificha kwa kelele siku zote. Kulikuwa na rangi nyingi pale kuliko alizowahi kuziona kwenye jora lolote, na zote zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Ndipo sauti ya Nyangi ikapanda.

Katikati ya pazia, mbele ya wote, palisimama moto. Joho lake halikuwa na rinda wala pindo. Lilikuwa weupe mtupu uliofurika kila upande, ukapanda shingoni, ukala kidevu, mdomo, mashavu. Juu kabisa palibaki ukungu wa kijivu, na kitambaa cha kichwa.

"Mshumaa!" mtu akapiga kelele. "Mshumaa unaimba!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mayaka akamtazama mzee. Nyamhanga hakucheka. Alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye benchi, shingo mbele, akiutafuta uso wa mwenye sauti ile, huku watu wa nyuma wakimwambia kaa, mzee, kaa. Alibaki hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Nje, juani, alimkuta Mayaka karibu na malori. Hakumsalimu.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Mzee, shikamoo. Sijamfanya kitu."

"Wanawake wale wengine nimewaona hata meno. Mmoja tu mmemfuta uso. Mtu hufichwa uso kwa sababu uso umeharibiwa. Umemkata? Umemchoma?"

"Ni joho, mzee. Yale mengine yalichovywa kwenye chai."

"Chai."

"Ndiyo."

"Ninyi msiokunywa chai."

"Ndiyo, mzee. Ili yatoke meupe."

"Na la mwanangu?"

"Halikuchovywa."

"Kwa nini?"

"Nilimshuku mpiga filamu."

"Ulimshuku nini?"

Akaeleza. Cephas, kikombe, suruali, kioo, hatua nne. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuisikia sauti yake mwenyewe, na ilikuwa sauti ya mume mwenye hatia anayetafuta pa kutokea. Hakuna neno hata moja lililosimama.

"Nimekaa kwenye mabaraza mengi," Nyamhanga akasema alipomaliza. "Hata mwongo angetunga kitu chepesi kuliko hicho. Lori lako linaondoka saa ngapi?"

Walifika Homa Bay saa kumi na mbili jioni. Nyangi alikuwa verandani akipiga pasi nguo za wateja. Alimwona mumewe akishuka, akatabasamu ili aulize. Kisha akaona koti la jeshi.

"Tata," akasema, akimwita baba kwa Kikuria. Mkaa ukamwagika kutoka kwenye pasi.

Mzee akamwendea. Alimshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye jua linalozama. Akatazama paji, masikio, chini ya taya. "Vua kitambaa." Akavua. "Fungua mdomo." Akafungua, na mzee akahesabu meno kama anayenunua ng'ombe.

"Hii nini?"

"Pasi, Tata."

"Pasi inafikaje shavuni?"

"Niliinama."

"Mm." Alikipitisha kidole juu ya alama ile mara mbili, na hakukiondoa. "Unalia nini? Anakupiga?"

"Hanipigi. Tata, ulinionaje? Kwenye filamu?"

"Sikukuona. Nilisikia sauti tu. Kama ningekuona ningekwenda zangu nyumbani." Akageuza fimbo kumwelekea Mayaka. "Muulize huyu."

Nyangi akamgeukia mumewe. Uso wake wote ulikuwa kwenye mwanga, machozi yamechora njia mbili, na Mayaka aliona kwa uwazi kabisa kile ambacho James Opiyo alikuwa amekitaka kwa dakika mbili.

"Jora lingine," Nyangi akasema.

"Si jora lingine. Lilikuwa sandukuni. Sikulichovya."

Hakuuliza kwa nini. Alimshika baba yake mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Utakaa hapa, Tata. Kaa siku tatu. Kaa mpaka uridhike."

"Nitakaa," mzee akasema. "Huyu mtu simwamini."

"Leo hata mimi simwamini," Nyangi akasema, akaenda kuwasha moto.